Begi la Mgongoni na Kiti cha Theluji



Wiki mbili zilizopita tulipokea barua kutoka kwa mama mmoja, mzaliwa wa Tanga, ambaye hivi sasa anaishi na mumewe na watoto wao watatu nchini Norway. Barua ilikuwa ndefu, nasi tulimwomba idhini ya kuieleza hapa bila ya kumtaja jina, akaridhia. Mwanawe wa pili, mvulana wa miaka 10, alikwenda na wenziwe wa darasani katika siku ya michezo ya theluji, jambo ambalo huko ni la kawaida katika mwaka wa shule kama ilivyo kwetu siku ya riadha. Mama aliamka kabla ya alfajiri. Alikaanga sambusa, akajaza chai ya tangawizi katika chupa ya chai, akaongeza maandazi, tende, soksi za akiba na mswala mdogo unaokunjika, vyote akavishindilia katika begi la mgongoni, lile ambalo baadhi yetu huliita shanta. Akamkazia mwanawe mikanda ya mabegani, akamfungia na ule wa kiunoni, kisha akamuusia asilivue begi lile mpaka wakati wa kula, kwa sababu mwaka uliotangulia aliliacha jingine mahali na halikuonekana tena.

Mtoto alishika wasia wa mama yake, na hilo ndilo lililotaka kumponza. Alipofika juu ya mlima kwa lifti ya viti aliinuka ashuke, lakini mkanda wa begi ulikuwa umenasa kwenye kiti. Kiti hakikumngoja. Kilimvuta kinyumenyume, skii zikiburura miguuni, hadi mhudumu aliyekuwa kibandani alipobonyeza kitufe na mtambo mzima ukasimama. Mkanda ulichanika. Mtoto, alhamdulillah, hakuumia. Alirudi nyumbani akalificha begi chini ya kitanda kwa siku tatu, maana alihofu kugombezwa kwa kuchana begi jipya.

Mama anatuuliza mambo mawili. Kwanza, je, alikosea kumfungia mwanawe begi lile? Pili, akilishona, je, amruhusu kwenda nalo safari nyingine?

Kabla ya kumjibu, tunajua yuko msomaji wa Kariakoo au wa Likoni atakayesema: theluji yatuhusu nini sisi, ambao baridi yetu kubwa ni ile ya Lushoto mwezi wa Julai? Inatuhusu kwa kuwa watoto wa ndugu zetu wanakulia Oslo, Geneva, Toronto na Minneapolis, na huko shule huwapeleka watoto mlimani. Inatuhusu vilevile kwa kuwa jamaa zetu wa Maskati na Dubai hawana haja ya kungoja majira ya baridi. Ndani ya jengo la maduka la Mall of the Emirates, tangu mwaka 2005, umo ukumbi wa theluji wenye mteremko wa kuteleza na lifti ya viti yake, na si wachache katika wasomaji wetu waliokwisha kupiga picha humo wakati wa likizo. Wala michezo hii si ya Ulaya na Marekani peke yake. Waturuki huteleza juu ya mlima Uludağ karibu na mji wa Bursa, Walebanoni wana milima yao, na Wamorocco hupanda Oukaïmeden.

Mmoja wetu aliwahi kukipanda kiti kile cha Dubai alipowatembelea jamaa zake. Pale mgeni huazimwa koti na suruali za baridi, na mizigo huachwa katika makabati, kwa hiyo begi hakuwa nalo. Anachokumbuka hata leo ni namna kiti kinavyokuja. Unasimama kwenye mstari uliochorwa, umekipa mgongo, na hukioni mpaka kikugonge nyuma ya magoti. Hapo huna la kuamua tena, ushakaa, na ardhi inashuka chini ya miguu yako.

Yafaa kueleza mtambo huu unavyofanya kazi, kwani mzazi asiyeujua hawezi kumuusia mwanawe ipasavyo. Waya mnene wa chuma umezungushwa kwenye magurudumu mawili makubwa ya kulala, moja chini ya mlima na jingine juu, na kati yake umebebwa na nguzo. Viti vyaning'inia kwenye waya huo. Vipo vya watu wawili, vya wanne, hata vya sita au wanane. Waya hauna mwisho, na madhali kazi inaendelea, hausimami. Katika mitambo ya zamani kiti kimeshikamana na waya moja kwa moja, kwa hiyo abiria hupanda na kushuka kwa mwendo uleule wa safari, kiasi cha mita 2 hivi kwa sekunde. Katika mitambo mipya kiti hujiachanisha na waya kinapoingia kituoni, kikatambaa kwa mwendo wa kama mita 1 kwa sekunde, kisha hujishika tena na kuondoka kwa mita 5 kwa sekunde au zaidi. Huo wa pili una utulivu wakati wa kukaa na kuinuka. Hata hivyo, nao hausubiri mtu.

Asili ya kiti hiki ina kisa ambacho sisi watu wa migomba hatuwezi kukipita. Mwaka 1936 shirika la reli la Union Pacific la Marekani lilikuwa likijenga kituo cha michezo ya theluji mahali paitwapo Sun Valley, katika jimbo la Idaho. Mhandisi wao mmoja, James Curran, aliwahi kushughulika na mitambo ya kupakia ndizi melini katika nchi za joto, ambamo mikungu ilitundikwa kwenye kulabu zinazokwenda kwa waya. Curran akafikiri kwamba kinachobeba mkungu kinaweza kubeba mtu. Akaondoa kulabu, akaweka kiti. Wakubwa zake waliliona wazo lenyewe kuwa la hatari, lakini majaribio yalifanywa, kiti kikiwa kimefungwa ubavuni mwa lori, ili kujua mtu anaweza kuokotwa kwa mwendo gani bila ya kuanguka. Desemba ya mwaka huo Sun Valley ikafunguliwa na viti vyake. Tumekieleza kisa hiki kwa sababu kinatusaidia kuliona tatizo. Mtambo wenyewe umezaliwa na kulabu, na kazi ya kulabu ni kunasa. Mkungu wa ndizi hauna mkanda unaoning'inia. Begi la mtoto linayo mikanda mitano au sita.

Lihesabu begi lililo nyumbani kwako. Lina mikanda miwili ya mabegani, na kila mmoja una ncha yake ndefu inayobaki baada ya kukazwa. Lina mkanda wa kifuani, mkanda wa kiunoni wenye bizimu ya plastiki, kitanzi cha kutundikia, na pengine kamba za pembeni za kufungia chupa ya maji. Kiti cha lifti nacho kina mbao au mabomba yenye nafasi baina yake, kina sehemu za kuegemeza mikono, na kina chuma cha kinga kinachoteremshwa mbele ya abiria, ambacho mara nyingi kimeunganishwa na mahali pa kuwekea miguu. Ncha ya mkanda huteleza katika upenyo wakati mtu anapokaa, uzito wa mwili ukaikandamiza, bizimu ikapita upande wa pili na kukwama kama kifungo ndani ya tundu lake. Njia nzima mtoto hahisi kitu. Hujua anapoinuka.

Na mahali pa kuinuka ndipo mahali pabaya zaidi pa kujua jambo hilo. Kituo cha juu kina kilima kidogo cha theluji. Abiria husimama hapo, akasukumwa kidogo na kiti, akateleza kwenda mbele. Kiti huendelea na safari yake, kikazunguka gurudumu kubwa na kuanza kurudi chini, na upande ule wa kurudia ardhi huporomoka ghafla. Aliyenasa huvutwa kuelekea huko. Akiwa amefunga mkanda wa kiunoni na wa kifuani, hawezi kujitoa ndani ya begi, hasa akiwa na glavu nene mikononi na fimbo mbili za skii za kuchunga. Mkanda wa begani ukipanda, hupandia shingoni.

Haya si ya kutishia watoto. Januari 4, 2017, katika kituo cha Arapahoe Basin, jimbo la Colorado, mtu mzima aliyeizoea michezo hii alinaswa begi lake wakati wa kushuka. Kiti kilimrudisha upande wa pili, mkanda ukamzunguka shingo, akabaki ananing'inia kiasi cha mita 3 juu ya theluji, fahamu zimempotea. Wahudumu walikuwa wamekwisha kuusimamisha mtambo. Rafiki zake walijaribu kupandiana mabegani ili wamfikie, wakashindwa, kwani theluji ni laini na kimo kilikuwa kirefu. Miongoni mwao alikuwamo Mickey Wilson, kijana ambaye kazi yake, kwa kadari ya Mwenyezi Mungu, ilikuwa kutembea juu ya utepe uliotandazwa hewani. Aliparamia nguzo ya lifti, akaukalia waya, akateleza nao hadi kwenye kiti. Alijaribu kuukata mkanda kwa kuupiga mateke, haukukatika. Mlinzi mmoja wa mlima akamrushia kisu kutoka chini, naye akakidaka na kuukata. Yule mtu akaanguka kwenye theluji mbele ya waokoaji, akahudumiwa, akapona.

Watu walimsifu Wilson, na alistahiki. Sisi tulipokisoma kisa hicho kilichotushika ni ule mkanda. Begi la kisasa limeshonwa kwa uzi wa nailoni wa kubeba mizigo mizito, na teke la mtu mzima halikufua dafu. Mkanda wa begi la mwana wa Tanga ulichanika, nasi tunashukuru kwamba mama yake hakununua begi la bei kubwa.

Lipo pia jambo la pili, lisilo na kishindo cha habari za magazeti, nalo ni kukaa. Mtu mzima mwenye begi mgongoni anapokaa kitini, begi hugusa egemeo kabla ya mgongo wake. Begi lenye unene wa shibiri moja humla mtoto shibiri nzima ya kiti. Anabaki amekaa ukingoni, mapaja nusu yapo hewani, skii au ubao wenye uzito ukimvuta miguu chini, na chuma cha kinga hakishuki vyema kwa kuwa kimezuiwa na tumbo lake. Mtoto wa miaka 8 au 9 ni mfupi. Akikaa vizuri magoti yake yanafika ukingoni mwa kiti, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Anayekaa ukingoni akiinama kuokota glavu, au akageuka kumtania mwenziwe, yuko karibu na kuanguka. Tunadhani hatari hii ni kubwa kuliko ile ya kunaswa, kwa sababu ipo tangu chini ya mlima hadi juu, ilhali ile ya kunaswa ni ya dakika mbili tu, ya kupanda na ya kushuka.

Sasa tumjibu dada yetu. Kumfungia mtoto chakula hukukosea. Tunajua kwa nini mama wa Kiislamu anayeishi ugenini hujaza begi la mwanawe. Mkahawa wa mlimani mara nyingi una soseji ambazo hazijulikani zimetoka kwa mnyama gani, na mtoto wa miaka 10 aliyepigwa na baridi tangu asubuhi hawezi kuachiwa achunguze. Sambusa zile zilikuwa haki yake. Kosa lilikuwa katika wasia wa kutolivua begi, na kosa hilo lisingekuwapo lau barua ya shule, ambayo umetutumia nakala yake, ingelitaja jambo hili. Barua ile imeorodhesha kofia ngumu, glavu, miwani na mafuta ya kuzuia jua, ikasisitiza kwamba kila mtoto aje na chakula chake na kinywaji cha moto, na haikusema atavibebaje atakapokuwa kwenye kiti. Tunaona ni ajabu kumtaka mtoto aje na mzigo kisha kunyamaza kuhusu mzigo.

Wasia mpya uwe huu, nao uusemee nyumbani, begi likiwa mbele yenu, si mlangoni wakati basi linapiga honi. Begi livuliwe wakiwa bado katika foleni, kabla ya kufika kwenye mstari wa kusubiri kiti. Aliyefika kwenye mstari amechelewa. Akianza kuhangaika na bizimu hapo kiti kitamkuta ameinama. Livuliwe lote, na si kuliachia bega moja, maana begi la bega moja huyumba na kuingia baina ya kiti na kiti. Ncha zote za mikanda zichomekwe ndani ya mifuko ya begi, na mkanda wa kiunoni ufungwe kwa kulizunguka begi lenyewe ili usibaki ukining'inia. Kisha begi lipakatwe mapajani kama mtu anavyompakata mtoto mchanga katika daladala, limeshikwa kwa kile kishikio chake cha juu.

Hapa pana jambo ambalo wengi hulikosea kwa nia njema. Mtoto akiambiwa asiliangushe begi, huzungusha mkanda wake mkononi mara mbili au tatu, au hupitisha mguu ndani yake. Hapo amejifunga upya na kitu kilekile tulichomvua. Mkono ushike bila ya kufungwa, ili begi likinaswa au likiteleza aliachie. Aambiwe waziwazi, na aambiwe na mzazi si mwalimu peke yake, kwamba begi likianguka kutoka kitini liachwe lianguke, na nyumbani hatagombezwa. Tunalisema hili kwa mkazo kwa ajili ya zile siku tatu za kuficha begi chini ya kitanda. Mtoto anayeogopa kupoteza begi atalishikilia hata pale anapopaswa kuliacha. Wapo wanaovaa begi kifuani badala ya mgongoni, na ni kweli kwamba afadhali kifuani, kwani anayelivaa huliona na hukaa hadi nyuma ya kiti. Ila bado limemfunga, na mbele yake kuna chuma cha kinga. Kwa mtoto sisi tunapendelea kupakata.

Fimbo za skii nazo zina vitanzi vya mkononi. Vitolewe mikononi kabla ya kukaa, na fimbo zote mbili zishikwe kwa mkono mmoja, ule usioshika begi. Aliye na mikono miwili midogo, begi, fimbo mbili na chuma cha kuteremsha, ana kazi nyingi kupita kiasi. Kwa hiyo mtoto mwenye begi asikae peke yake. Amwombe mwalimu au mtu mzima akae kando yake na alibebe begi. Kuomba msaada huu si aibu, na watoto wetu wafundishwe maneno ya kuuomba kwa lugha ya nchi wanayoishi.

Karibu na kituo cha juu lipo bango linaloonyesha kwa mchoro kwamba chuma cha kinga kiinuliwe. Hapo ndipo pa kukagua. Mtoto ainue ncha za skii, atazame pembeni mwa mapaja yake kama kuna mkanda uliozama katika upenyo, avute begi kidogo aone kama liko huru. Likiwa huru, asimame na kuteleza moja kwa moja bila ya kusimama njiani kulivaa. Kiti kingine kinakuja nyuma. Likiwa limekwama, alipigie kelele. Neno "stop" linafahamika karibu kila mlima wa theluji, na mhudumu aliye kibandani ana kitufe cha kusimamisha mtambo kwa kazi hiyo hasa. Likiwa mapajani na amelishika kwa kishikio tu, la kufanya ni jepesi zaidi: aliachie aende zake, begi litazunguka na kurudi chini, na litapatikana. Na kama amechelewa kuinuka, asiruke. Abaki amekaa. Mbele kidogo ya mahali pa kushukia kipo kizuizi chepesi, waya au fito, ambacho mguu ukikigusa huzima mtambo wote.

Mabinti zetu wanahitaji neno lao. Februari 2020, katika jimbo hilohilo la Colorado, mtu mmoja alifariki dunia baada ya kutumbukia katika kiti ambacho sehemu yake ya kukalia ilikuwa imeinuka, koti lake likamkaba shingoni. Halikuwa begi, lilikuwa koti. Kwa hiyo kanuni ya mikanda ni kanuni ya kila kinachoning'inia: ncha za mtandio, shali, nywele ndefu zilizosukwa, kamba za kofia, na pindo la koti refu lililokaa nje ya kiti. Binti avae hijabu ya michezo, ile inayobana na isiyo na pini, chini ya kofia ngumu. Pini chini ya kofia ngumu ni adhabu yenyewe. Shingoni avae kitambaa cha duara kinachovalishwa kichwani, badala ya shali. Koti linaweza kufika mapajani na likatosha sitara pamoja na suruali pana ya theluji. La kufika vifundoni halifai mlimani, hata kama ndilo analolivaa kila siku.

Kwa wale wadogo wanaoanza, ambao hawapandi viti bali hupandishwa kwa mkanda wa mpira unaotambaa ardhini, au kwa fito inayowavuta, hukumu ni ileile, tena kwa ukali zaidi. Mkanda wa mpira huingia chini ya sakafu mwishoni mwake, na ncha ya kamba au shali inayoburuzwa huingia pamoja nao. Mtoto wa umri huo hana haja ya begi kabisa.

Na hili ndilo hasa tulilotaka kumwambia dada yetu kuhusu swali lake la pili. Mlimani mtu hupanda na kushuka mara nyingi kwa siku. Kila upandapo ni kuvua, kuchomeka, kupakata na kukagua, na mtoto atakayelifanya hilo sawasawa mara ya kwanza na ya pili, mara ya 11 atakuwa amechoka. Bora begi libaki chini. Vituo vingi vina chumba cha kulia chakula chenye mabenchi na mahali pa kuweka mizigo, na madarasa hukutana hapo adhuhuri. Tulimshauri amwandikie mwalimu aulize mambo matatu: begi litakaa wapi, watoto watakula wapi, na kama ipo pembe ya utulivu ambapo mwanawe anaweza kuvua vile viatu vizito vya skii akaswali. Sambusa mbili zilizofungwa vizuri zinaingia katika mfuko wa ndani wa koti, na zikikaa huko hazigandi.

Alitujibu Jumatatu iliyopita. Mwalimu amesema begi linaweza kuachwa katika chumba cha chakula, na barua ya safari ijayo imeongezwa mstari mmoja kuhusu mabegi na lifti. Chumba cha kuswalia hakipo, ila kipo chumba cha kukaushia viatu, chenye joto, na mtoto amekubali. Mkanda uliochanika mama ameushona upya. Ule wa kiunoni ameukata kabisa, akatumia kitambaa chake kushonea mfuko mpana ndani ya koti, upande wa kushoto, wa sambusa tatu.